Safari ya Jibondo Kutafuta Mwito wa Msondo

Wenzangu tuliosoma pamoja Chole, mliniona nikipita kwenu nikienda, sikusimama. Mkaniona tena nikirudi, sikusimama vilevile, na wengine mnasema nilikuwa nikijipigapiga mapaja kama mtu aliyepandwa na kitu. Tangu hapo kila anayefika Kanga ananiuliza: ulikuwa unakimbia nini? Mnanijua. Maneno yangu hayatoki upesi, na mbele ya watu watatu hayatoki kabisa. Kwa hiyo nimekaa kuandika. Nako kuandika kwangu ni kwa polepole, lakini karatasi ina subira, hainikodolei macho. Atakayeipata awasomee wengine, asiongeze lake.

Kabla ya kuondoka

Mnajua kuwa babu yangu alifariki baada ya masika. Labda hamjui kwamba nyumbani kwetu alikuwa akikaa na msondo wa mtaa. Msondo ule ni ngoma ndefu kunipita mimi, imechongwa kwa mti mmoja, na mpigaji huulaza akaukalia kama mtu aliyepanda punda. Desturi ya kwetu ni hii: Siku ya Mwaka, watu wakisharudi kuoga baharini asubuhi, hachezi mtu mpaka msondo ufunguliwe. Mwenye msondo anapiga mwito peke yake. Chapuo, ile ngoma ndogo, inaitika. Mwito wa pili, chapuo inaitika. Mwito wa tatu ukiitikiwa, hapo vumi, ngoma ya sauti nzito, linanguruma na watu wanaingia uwanjani. Nyumba inayoufungua msondo ndiyo inayokaa nao.

Siku ya arobaini ya babu, Bwana Shomari wa mtaa wa juu alikula ubwabwa, akanawa, akamwambia bibi yangu mbele ya wazee, "Bi Mkubwa, ngoma si sanduku la marehemu, kwamba itawekwa pembeni ifutwe vumbi. Nani humu ndani ataufungua?"

Humu ndani wanaume ni wawili, baba na mimi. Baba shoka lilimla vidole viwili zamani. Mimi kazi yangu kwenye msondo ilikuwa hiyo hiyo ya kufuta vumbi.

Bibi akasema, "Mjukuu wangu ataufungua."

Watu walinitazama, nami nikatazama sahani. Wazee wakakata maneno: Siku ya Mwaka msondo usipofunguliwa na mtu wa nyumba hii, utahamia kwa Bwana Shomari siku hiyo hiyo. Zilibaki siku ishirini na nne.

Watu walipoondoka nilimwuliza bibi kwa nini amesema vile. Akasema, "Ningenyamaza, leo ungekwisha kubebwa." Kisha akaniambia habari za Fundi Mbwana. Fundi Mbwana alikaa na babu miaka saba akipiga chapuo, kabla sijazaliwa, halafu akaoa kisiwani Jibondo akahamia huko kuunda vyombo. Baada yake chapuo aliishika Shomari. Kwa Shomari siwezi kwenda kuomba, maana ndiye anayeutaka msondo. Basi ni Jibondo.

"Mbwana anaijua ngoma ya mume wangu kama anavyoijua njia ya nyumbani kwake," bibi alisema. "Nenda. Na ukifika, uwe na adabu."

Hilo la adabu nililishika mno, kama mtakavyoona.

Kanga mpaka Kirongwe

Nilibeba mihogo mikavu, kipande cha papa, kanzu moja ya kubadilisha, na daftari langu la shule pamoja na kalamu ya risasi. Nilifikiri nitaandika mapigo ya ngoma kama tulivyokuwa tukiandika imla, nikifika nyumbani niyasome.

Nikiwa njiani nikagundua kwamba tangu jambo hili liniangukie, masikio yangu yamefunguka. Nilisikia nazi zinavyokwanguliwa, mtu anavyokata kuni, hata kandambili za mbao za mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu, moja ikilia juu na moja chini. Nilijiuliza kama hayo yote yalikuwapo siku zote.

Kirongwe nilifika mchana nikapumzika kwenye baraza ya nyumba moja. Uani wanawake wawili walikuwa wakitwanga mpunga katika kinu kimoja, mmoja akiinua mchi mwenzake anashusha, na kila mara mmoja wao aligonga ukingo wa kinu bila sababu ninayoijua. Nikatoa daftari, nikaanza kuandika: huyu, yule, huyu, ukingo.

Kinu kikanyamaza. Nikasikia milango ya nyuma ikifunguliwa, nyumba ya kwanza, ya pili, na miguu ya watu ikikimbilia mashambani. Mtaa wote ukawa kimya. Nikaendelea kukaa, maana sikujua la kufanya.

Baada ya muda mrefu akaja mama mtu mzima na sahani ya wali na kuku mzima. Nikasimama nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, baba karani. Kula, utakuwa umechoka. Nyumba hii, baba, haina mwanamume. Wa kwangu alikufa."

Ndani ya nyumba mtu akapiga chafya, chafya nene ya mwanamume.

"Ni paka," akasema yule mama.

Hapo nikaelewa kwamba wamenidhania karani wa Wadachi, nimekuja kuandika majina ya watu wa kazi ya barabara. Nilitaka kusema siye, lakini kuku alikuwa mbele yangu na mama amenisimamia, na ulimi ukagoma. Nikala. Nilipofika kwenye paja la pili ndipo nikapata sauti. "Mama, mimi siandiki watu. Naandika ngoma."

Akashika kiuno. "Hata ngoma sasa zinaandikwa? Wanazipeleka wapi?"

Nikamweleza kidogo kidogo, babu, msondo, Jibondo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akageuka akapaza sauti, "Enyi! Tokeni! Ni mtoto wa Kanga, anatafuta ngoma!" Yule paka akatoka kwanza, ana ndevu mpaka kifuani. Wengine wakarudi na majani kwenye nguo, wakakaa kunizunguka, wakacheka mpaka machozi.

"Tumemchinjia kuku mpiga ngoma," akasema mwenye ndevu.

"Tena asiyejua kupiga," akasema mwingine.

Walinilaza pale vizuri, na asubuhi wale wanawake wakanitwangia tena nisikie. Nikauliza kwa nini wanagonga ukingo. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Kwani tunagonga?"

Kirongwe mpaka Utende

Hapa nilitumia siku tatu, na moja kati ya hizo ilipotea bure, kwa kuwa nilimfuata mtu aliyekwenda Kilindoni nikidhani anakwenda Utende. Nilitembea naye tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Yeye hakuniuliza niendako, nami niliona haya kumwuliza aendako yeye. Tulipoiona bahari upande usiopaswa, akaniaga kwa upole.

Kuanzia hapo niliuliza njia kwa kila mtu. Karibu na Baleni Mwarabu mmoja mwenye shamba la minazi alinipa dafu na mkate wa kumimina. Yeye mwenyewe amezaliwa pale pale, babu yake ndiye aliyetoka Maskati. Aliposikia nakwenda Jibondo akaniuliza kama nimechukua maji. Nikasema nakwenda kwa watu, nitapewa. Akanitazama, akasema, "Haya," akaniongezea dafu la pili. Dafu lile nililinywa hatua mia mbele. Nilikuwa nimesikia, kama ninyi nyote mlivyosikia, kwamba Jibondo hakuna maji. Lakini mtu wa Kanga, ambako kisima ni cha kuinama tu, husikia neno hilo likapita.

Chole na Juani

Mwenye ngalawa aliyenivusha kutoka Utende alisema bamvua imeingia, siku za maji kujaa na kupwa sana, na maji yakipwa nitaweza kuvuka kwa miguu kutoka Chole kwenda Juani, ila nisichelewe. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuwapita. Sababu ya pili ni kwamba mngeniambia, "Haya, tupigie kidogo tusikie."

Nilivuka matope yakifika magotini. Chombo cha Jibondo kilikuwa kimefunga Kua, chini ya magofu, kinapakia mataruma, yaani zile mbao za mbavu za chombo, zilizokatwa kutoka miti iliyojipinda yenyewe porini. Nahodha akasema ataondoka kesho. Akasema hivyo siku tatu. Mti mmoja ulikuwa umekatwa lakini hajapatikana wa kuubeba, kisha akapatikana, nao ukaonekana umepinda upande usiotakiwa.

Nilisaidia kubeba. Tulikula muhogo na pweza, na pweza halainiki hivi hivi. Walimpigapiga juu ya jiwe kubwa, watu wawili kwa zamu, nami nikawa nimesahau kula nasikiliza.

"Huyu kijana vipi?" nahodha akauliza wenzake. "Pweza keshakufa, yeye bado anamsikitikia."

Niliandika mapigo ya pweza pia. Yamo kwenye daftari, ukurasa wa tano.

Jibondo

Tulifika asubuhi, zikiwa zimebaki siku kumi na saba. Kisiwa chote kinagongwa. Pwani kuna vyombo vinne vimeegemezwa magogo, na kila chombo kina watu ubavuni, wengine na shoka, wengine na keekee za kutobolea mbao, wengine wanakalafati, wakisukumiza pamba yenye mafuta kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Nilisimama muda mrefu nikitazama pamba inavyoingia. Inaonekana nyingi sana, halafu inamezwa yote.

Wakanionyesha nyumba ya Fundi Mbwana. Yeye alikuwa kazini, mkewe, Bi Mize, alikuwa jikoni, akaniitika hodi akasema nikae barazani anakuja. Mlangoni palikuwa na mtungi mkubwa na kata ya kifuu juu yake.

Kanga mtungi wa mlangoni ni wa miguu ya mgeni. Kuingia nyumba ya mtu na miguu michafu ni kumtukana, na miguu yangu ilikuwa na tope la Juani, vumbi la Baleni na mafuta ya chombo. Nikasema moyoni, hapa ndipo pa adabu. Nikanawa mguu wa kulia kata tatu. Wa kushoto kata tatu. Nikasugua visigino kwa jiwe nikanawa tena. Nikanawa uso na mikono. Kadiri nilivyomheshimu yule mtu ndivyo nilivyomwaga. Nilikuwa naukung'uta mtungi nipate kata ya mwisho ndipo Bi Mize akatokea.

Alitazama mtungi, akatazama miguu yangu, akatazama mchanga ulivyolowa. Kisha akaita, kwa sauti ya chini kwanza, "Jirani." Halafu kwa sauti kubwa, "Jirani! Njoo uone! Njoo uone mtu amekoga maji yetu ya siku tatu!"

Walikuja wote. Mwanamke mmoja aliinama akaigusa miguu yangu. "Safi," akasema. "Hata ya bwana harusi haijapata kuwa hivi."

"Chombo cha maji kinakuja lini?"

"Kinaondoka kesho, kurudi mtondo, Mungu akipenda."

"Basi mpike kwa miguu yake!"

Nilitamani mchanga ufunguke. Fundi Mbwana akaja, mtu mfupi, mabega mapana, pamba imemganda kwenye nywele. Nikamwamkia. Akaitika marahaba. Nikasema mimi ni mjukuu wa nani, natoka Kanga, na nimekuja kwa nini. Yote nikayasema kwa pumzi moja, kwa hofu. Uso wake ulibadilika aliposikia jina la babu, hakuwa na habari kwamba amekufa. Alisoma fatiha pale pale.

Alipomaliza akasema, "Mwanangu, umefika kwako. Ngoma tutazungumza. Lakini mimi nikikupa ngoma leo, mke wangu atanipa talaka mimi."

"Nitakupa," akasema Bi Mize.

Kurudi Juani kwa ajili ya maji

Kesho yake niliondoka na chombo cha maji. Niliteka maji kisima cha Juani siku mbili, na kisima kile si cha kuinama. Unateka ndoo nane, kinatoa tope, unasubiri kijikusanye. Wakati wa kusubiri watu wanalala, mimi nilikaa nikisikiliza maji yanavyorudi chini, tone moja moja. Mabaharia wakanipa jina Miguu Safi, na mpaka leo Jibondo hawanijui kwa jina jingine.

Nilijaza mtungi wa Bi Mize na wa jirani na wa yule aliyenigusa miguu. Bi Mize akatia kata mtungini, akaonja, akasema, "Tumesameheana. Ila ukitaka kunawa, bahari ile pale, haijapata kwisha."

Zilibaki siku kumi na nne.

Nusu ya ngoma

Fundi Mbwana alikuwa huru baada ya alasiri, kazi ya chombo ikisimama. Alileta chapuo yake, akawasha makuti makavu, akaizungusha ngozi motoni mpaka ikalia kama mbao. Akaniweka mkabala naye, yeye na chapuo, mimi na pipa tupu la mafuta ya papa, ambalo harufu yake sitaisahau.

Siku ya kwanza aliniona natoa daftari. Akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea kinu cha Kirongwe. Akasikiliza kwa heshima, akasema, "Sasa ulivyosoma, mpunga umetwangika?" Sikulitoa tena.

Alinifundisha kiitikio siku tatu. Mkono wa kushoto unafunika, wa kulia unapiga na kuacha, na mwishoni kuna mapigo mawili ya haraka ambayo vidole vyangu vilikuwa vikiyafanya matatu au moja. Siku ya nne nikayapata. Fundi akacheka kwa furaha, akaniambia nina mkono. Sijawahi kuambiwa nina kitu chochote, nikapata ujasiri wa kuuliza, "Na mwito, Fundi, tutaanza lini?"

"Mwito upi?"

"Mwito wa msondo. Wa kufungulia."

Akaiweka chapuo chini. "Nani kakwambia mimi najua mwito?"

Nikadhani ananifanyia mzaha. Hakuwa anafanya mzaha.

"Miaka saba," akasema, "babu yako aliita, mimi nikaitika. Sikupata kuukalia msondo hata siku moja, hakuruhusu mtu. Macho yangu yalikuwa kwenye ngozi yangu. Mtu akikwambia shikamoo wewe unasema marahaba; baadaye utakumbuka alivyovuta sauti? Utakumbuka tu kwamba umeitika."

Nilisema ahsante, maana ndivyo nilivyofundishwa, nikaondoka nikaenda kukaa nyuma ya chombo kimoja kisichokuwa na watu. Nilikuwa nimekivuka kisiwa kizima cha Mafia, mpaka mwisho wake, kuchukua kitu ambacho Bwana Shomari anacho tayari. Kiitikio hakifungui msondo. Nilimwona mawazoni Shomari anaubeba akipita nao mlangoni mwetu, na bibi amesimama.

Bi Mize ndiye aliyenifuata, na bakuli la kisamvu. Akanisikiliza. Halafu akasema, "Wewe umezaliwa wapi?"

"Kanga."

"Siku ya Mwaka ulikuwa unakwenda wapi, Unguja?"

"Nilikuwapo."

"Miaka mingapi?"

"Yote."

"Basi wewe umeusikia mwito mara nyingi kuliko Mbwana. Una masikio au una majani ya mbaazi?" Akakaa juu ya gogo. "Sikiliza. Mimi nikiwa jikoni, mume wangu yuko nje na mtu, simsikii yule mtu. Namsikia Mbwana tu: 'Ndiyo. Ndiyo. Kesho, Inshallah. Hapana, hiyo keekee si yangu.' Nikitoka najua kila kitu alichoulizwa. Yeye anajua majibu. Mfanye ajibu, wewe utafute alichoulizwa."

Nikamtazama. Sikuwa nimepata kufikiri kwamba jibu lina umbo la swali ndani yake.

Siku iliyofuata tukaanza hivyo. Nilimwomba Fundi afumbe macho. Mimi nilipiga kwenye pipa chochote nilichodhani nimekikumbuka, naye aitike ikiwa mikono yake inataka kuitika. Mara ya kwanza hakuinua hata kidole.

"Hilo halijaniuliza kitu," akasema.

Nikapiga jingine. "Hilo limeniuliza, lakini si yeye. Huyo ni mtu mwingine."

Siku mbili zikaisha hivyo. Wajenzi wa vyombo wakawa wanakuja kutazama baada ya kazi, na mnajua hali yangu mbele za watu. Lakini nao walifumba macho, maana Fundi alifumba, nikaona naweza. Siku ya tatu nilikuwa nimechoka, sikujaribu kukumbuka mapigo. Nilimkumbuka babu alivyokuwa akikaa: bega la kushoto juu, kidevu pembeni, anavyovuta pumzi kabla ya kuanza, na shingo yake inavyorudi nyuma katikati. Mikono ikafuata bega. Nilipofika mwisho, mikono ya Fundi Mbwana ikaruka ikaitika yenyewe, kwa nguvu, mapigo mawili ya haraka mwishoni, na yeye akafumbua macho kama mtu aliyeitwa jina lake.

Akafuta uso kwa pamba. "Mafuta ya papa," akasema. "Yanawasha macho."

Hiyo ilikuwa mara moja tu. Ilinichukua siku nyingine mbili kuipata tena, na nyingine moja niipate kila nikitaka. Mpaka hapo zilibaki siku nne.

Kurudi

Safari ya kwenda ilinichukua siku saba, ya kurudi siku tatu na nusu. Nilipopita Chole mwito ulikuwa mikononi mwangu kama maji kwenye viganja. Niliona nikifungua mdomo kusema hata salamu utavuja. Ndiyo maana nilijipiga mapaja, na ndiyo maana sikuwasimamia. Niwieni radhi. Kirongwe pia niliwapita, ingawa yule mwenye ndevu alinikimbilia na kipande cha muwa. Niliupokea kwa meno.

Siku ya Mwaka

Nilifika jioni ya mwisho wa mwaka. Asubuhi tukaenda kuoga baharini, tukarudi, watu wakajaa uwanjani. Baba na jamaa wakautoa msondo. Nikaukalia. Miguu yangu haikugusa chini vizuri.

Bwana Shomari alikaa mkabala nami na chapuo, maana hakuna mwingine Kanga anayejua kuitika. Hapo tu ndipo nikaliona jambo ambalo sikulifikiria safari nzima: asipoitika, msondo haufunguki. Anaweza kuweka mikono magotini, na kila kitu kikawa chake. Naye alikuwa amekwisha kuiweka magotini.

Nilifumba macho. Niliinua bega. Nikapiga mwito wa kwanza.

Kisha chapuo ikaitika, baridi, kama mtu anayeitika salamu ya mdeni. Nikapiga wa pili. Ikaitika mapema zaidi. Wazee waliokuwa wakizungumza wakaacha. Wa tatu niliuanza vizuri, na katikati nikasikia mwanamke mmoja anasema, "Ni yeye," nadhani alikuwa akimsema babu, na mkono wangu wa kulia ukashtuka ukapiga pigo moja la ziada.

Nilifumbua macho. Bwana Shomari alikuwa ananitazama moja kwa moja. Alijua. Katika watu wote wa uwanja ule ni yeye peke yake aliyejua kwa hakika kwamba nimezidisha, na mikono yake ilikuwa hewani. Sijui ilikaa hewani muda gani. Halafu ikashuka, ikaitika kiitikio chote, na mwishoni, badala ya mapigo mawili ya haraka, akapiga matatu.

Vumi likanguruma. Watu wakaingia.

Baadaye mzee mmoja akataka kusema kwamba mwito wa tatu haukuwa wa marehemu. Bwana Shomari, akijipangusa jasho, akamjibu, "Nimeulizwa, nimejibu. Ulitaka nikae kimya kama ukuta?" Hakuniangalia. Lakini alisaidia kuurudisha msondo nyumbani, akashika upande mzito, akakataa maji, akaenda zake.

Jioni bibi alikuwa akichagua mchele, nami naufunika msondo shuka. Nikamwambia kweli yote, kwamba Fundi Mbwana hakuwa anajua mwito, na nilivyoutafuta, na kwamba ule wa tatu nilikosea.

Akatupa punje mbovu nje. "Nimesikia," akasema. "Kosa lilikuwa zuri. Mwakani ukose vilevile."

Tangu siku hiyo kila baada ya alasiri najizoeza kosa lile. Nawaambia kweli, kulikosea sawasawa ni kazi ngumu kuliko mwito wenyewe.